Machinga si "marching guy", na mtembezi wa usiku si mwizi

Wadau, nimerudi. Wiki mbili zote nilikuwa Kusini, Nachingwea kwa bibi mzaa mama na Ruangwa kwa upande wa baba. Nimerudi na gunia la korosho, mafua ya vumbi, na hasira. Korosho nimeshagawa ofisini, mafua yanapoa, hasira ndiyo nimeileta hapa. Kwa hiyo leo anayetafuta vichekesho apite kwa jirani, kwangu kumechafuka.

Ilianzia ndani ya basi. Tumesimama Nanganga, pale njia inapochepuka kwenda Ruangwa, na vijana wakavamia madirisha kama kawaida yao: korosho, karanga, maji, mayai ya kuchemsha. Basi likaanza kuondoka kabla kijana mmoja hajarudisha chenji ya abiria. Kijana yule alikimbia sambamba na basi, beseni kichwani, mpaka akaiweka ile mia tano mkononi mwa mwenyewe. Angeweza kabisa kusimama na kutuangalia tunaondoka. Hakufanya hivyo.

Nyuma yangu alikaa kaka mmoja wa mjini, shati limefungwa hadi kishikizo cha juu, anamwelimisha dada aliyekaa naye. "Unajua neno machinga limetoka wapi? Ni Kiingereza bwana. 'Marching guy'. Yaani jamaa anayetembeatembea." Dada akasema kumbe! Na mzee wa kiti cha pembeni naye akasema kumbe! Basi zima likapata elimu.

Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa adabu, nilinyamaza kwa aibu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuiandika hiyo takataka gazetini. Ndiyo kwanza nimetoka chuo, nimepewa habari ya wafanyabiashara ndogondogo, nikabandika pembeni kijisanduku cha "Je, wajua?" na ndani yake marching guy amesimama wima. Mhariri akacheka, akapitisha. Hakuna aliyeniuliza nimeitoa wapi. Nilikuwa nimeitoa pale pale alipoitoa yule kaka wa kwenye basi, yaani kijiweni.

Sasa leo nalipa deni. Wamachinga ni watu. Ni kabila la mkoa wa Lindi, lina lugha yake, lina makaburi ya mababu zake. Kuna hata tawi la Wayao linaloitwa Amachinga, na Malawi kuna wilaya nzima inaitwa Machinga. Padri Yohanna Abdallah, Myao, aliandika historia ya watu wake ikachapwa mwaka 1919, na Amachinga wamo humo. Mwaka 1919! Huyo "guy" wa Kariakoo alikuwa hajazaliwa.

Kilichotokea kinajulikana. Kuanzia miaka ya 1980 vijana wa Lindi na Mtwara walimiminika Dar es Salaam, maisha ya Kusini yamebana, wakaanza kuuza mitaani bidhaa za mkononi. Watu wa Dar wakawaita wote Wamachinga, hata waliokuwa Wamwera kama sisi wa Ruangwa, hata Wamakonde, Wamakua na Wayao wa Nachingwea. Baadaye jina likavuka likawashika Wasukuma, Wachaga na Wahaya wanaofanya kazi ile ile. Likaingia bungeni, likaingia kwenye vitambulisho vya mwaka 2018, likaandikwa kwenye jengo kubwa pale Ilala. Jina la kabila likawa jina la kazi, halafu jina la kazi likawa jina la tatizo. Halafu tukaja sisi wasomi tukawanyang'anya hata asili ya jina lenyewe tukampa Mwingereza.

Na chekeni kidogo basi, kwa sababu "guy" lenyewe lina mambo. Mwaka 1605 kulikuwa na njama ya kulilipua Bunge la Uingereza, na mmoja wa waliokamatwa aliitwa Guy Fawkes. Tangu hapo kila tarehe 5 Novemba Waingereza wakawa wanatengeneza sanamu la matambara, wanalitembeza mitaani, kisha wanalichoma moto. Sanamu hilo likaitwa guy. Karne ya 19 ukimwita mtu guy Uingereza ulikuwa unamwambia amevaa matambara, anachekesha kumtazama. Ni Wamarekani waliolisafisha likawa "jamaa" tu. Kwa hiyo ewe msomi unayesema machinga ni marching guy, kwa Kiingereza cha kale umemwita ndugu yangu sanamu la matambara linalotembezwa mitaani likangojea kuchomwa. Ukikumbuka mabanda yalivyovunjwa mijini Oktoba 2021, unaona kabisa utani huu hauchekeshi tena.

Haya, tuendelee, maana hapo bado sijafika kwenye hasira yenyewe.

Nina mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Yuko kwenye jiji moja hapa nchini, anauza soksi na vitambaa vya kufutia miwani. Mwaka juzi alikuwa anarudi geto saa tano usiku, mguu kwa mguu, mfuko wa soksi begani. Difenda ikasimama. Unatoka wapi? Natoka kazini. Kazi gani? Nauza soksi. Saa tano usiku unamuuzia nani soksi? Panda. Alilala ndani siku mbili. Kosa? Uzururaji. Alitoka baada ya sisi ndugu kuchangishana, na soksi hazikuonekana tena. Sitaji jiji wala kituo, wenyewe wanajijua.

Nilipofika Nachingwea bibi aliniuliza habari za huyo kijana. Nikampigia shikamoo, nikakaa kwenye mkeka, nikamsimulia. Bibi akanitazama. "Mume wangu wewe umesoma. Hebu niambie, kuzurura ni kosa gani? Mtu akitembea ameiba nini?"

Nilikosa jibu, na hili ndilo lililonikesha. Kwa sababu nimesoma, na jibu nalijua, na jibu lenyewe ni la aibu.

Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, ililetwa hapa na serikali ya Mwingereza mwaka 1930. Fungueni toleo la mwaka 2002, ndilo nililosomea mimi, vifungu vya 176 na 177. Mtakuta watu wanaitwa kwa Kiingereza "idle and disorderly persons", na wengine "rogues and vagabonds". Humo anatajwa mtu anayeshukiwa, asiyeonekana ana njia gani ya kujikimu, na asiyeweza kujieleza vizuri. Anatajwa pia mtu anayekutwa akirandaranda barabarani au mahali pa watu wengi, kwa wakati na hali inayofanya ionekane ana nia mbaya. Ionekane kwa nani? Kwa aliyeshika pingu.

Ukimsikia wakili wetu anayatamka hayo maneno mahakamani, mdomo umepinda, utadhani ni maneno matakatifu. Hebu tuyavue nguo.

"Vagabond" ni Kilatini, kitenzi cha kutangatanga. Ndiyo hivyo tu. Mtembezi. Mtu asiye na makao ya kudumu. Kosa lake ni miguu.

"Rogue" ni tamu zaidi. Ni neno la mtaani la karne ya 16, lugha ya wahuni wa Uingereza. Wachimbaji wa asili za maneno hawajakubaliana kabisa, lakini wengi wanalihusisha na "roger", yaani ombaomba aliyekuwa anazunguka akijidai ni mwanafunzi maskini wa Oxford au Cambridge. Wadau, mmeona? Mtu wa kutembea na bahasha ya kaki anasema nimesoma chuo kikuu naomba mnisaidie. Humo humo kwenye neno tumo sisi na degree zetu.

Sasa haya maneno yalifikaje Nachingwea? Uingereza mwaka 1348 iliingia tauni kubwa, watu wakafa kwa wingi mno, wafanyakazi wakaadimika. Walionusurika wakaona, ala, kumbe sisi ni dhahabu, wakaanza kuhama kutafuta bwana anayelipa vizuri zaidi. Mabwana wakakimbilia Bunge. Mwaka 1351 ikapita sheria ya kuzuia mishahara isipande na vibarua wasihame. Mwaka 1547 wakazidisha: asiye na kazi achomwe herufi V kifuani kwa chuma cha moto na awe mtumwa miaka miwili. Hata wao wenyewe iliwashinda, wakaifuta baada ya miaka michache. Mwaka 1824, askari waliopigana na Napoleon wamerudi hawana kazi, wamejaa barabarani, ikatungwa Sheria ya Uzururaji. Humo ndimo watu walipopangwa madaraja: wavivu na wasumbufu, kisha rogues and vagabonds, kisha wale walioshindikana kabisa. Daraja la kwanza na la pili ndiyo hayo hayo yaliyopandishwa meli yakashushwa huku kwetu.

Kwa maneno mengine, sheria iliyotungwa kumkomoa kibarua maskini wa Kiingereza ndiyo iliyomlaza ndani muuza soksi wa Ruangwa. Ndugu wa damu hawa wawili, hawajuani tu.

Na msiniambie ni sheria ya kukamata wezi. Mwizi ana vifungu vyake, tena vingi. Nachingwea inajua kuhusu hilo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta ule mradi wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe kwa mashine. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Wakajenga bandari Mtwara, wakalaza reli hadi Nachingwea. Hawakupima vizuri mvua, hawakuujua udongo, hawakumuuliza mkulima hata mmoja wa huku karanga zinataka nini. Mwanzoni mwa mwaka 1951 wakanyoosha mikono, fedha iliyopotea ni karibu pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, leo uliza vijana wa Nachingwea kama wanajua treni iliwahi kufika kwao.

Katika Kiingereza cha wazee wa kule, ukisema "groundnut scheme" unasema mradi wa serikali uliokula hela za watu bila faida. Hicho ndicho Nachingwea ilichokichangia kwenye lugha ya Malkia. Sasa niambieni: kati ya mabwana wale waliopoteza pauni milioni 36, nani aliitwa rogue? Nani aliambiwa ajieleze vizuri njia yake ya kujikimu? Lakini kibarua aliyekata visiki kwenye mashamba yale, mkataba ukiisha akabaki anazungukazunguka mjini kutafuta kazi nyingine, huyo alikuwa na kifungu chake tayari. Kinamsubiri tangu 1930.

Ndiyo maana nasema maneno si maneno tu. Angalieni aliyoyaacha Mwingereza huku Kusini. Kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi kulikuwa na manamba. Neno limetoka kwenye namba, kwa sababu kibarua alihesabiwa kwa namba. Nyumbani kwa mzungu kulikuwa na boi, mzee wa miaka 50 ana wajukuu, anaitwa boi. Na hilo lenyewe halikuwa bahati mbaya, maana zamani sana Kiingereza kilipoanza kutumia "boy" kilimaanisha mtumishi, mtu wa chini, kabla hata ya kumaanisha mtoto wa kiume. Mwingereza alijua anachokisema. Sisi je? Sisi tunaosoma blogu hii, leo hii, tuna hausigeli na shamba boi, na hausigeli mwenyewe ana watoto wawili kijijini.

Kuna jingine, hili linatuhusu zaidi. "Villain", yule mtu mbaya wa kwenye sinema. Asili yake ni "villein", mkulima wa zamani wa Ulaya aliyefungwa kwenye shamba la bwana wake, haruhusiwi kuondoka bila ruhusa. Mtu wa shamba, basi. Mabwana walivyomdharau ndivyo neno lilivyooza, kutoka mtu wa shamba, likawa mtu asiye na adabu, mwisho likawa mhalifu. Mmewashangaa Waingereza? Msiwashangae. Sisi tunasemaje mtu akikanyagana na ngazi za umeme pale mjini? MSHAMBA. Neno lile lile, safari ile ile, na sisi tumefika katikati ya njia. Bado hatua moja tu mshamba awe mhalifu, na kwa mwendo wa zile difenda sina hakika kama hatua hiyo imebaki.

Najua mtakachosema, acheni niwawahi.

Wa kwanza atasema mimi nachukia Kiingereza. Hapana. Manowari ni Kiingereza, "man-of-war", meli ya vita ya enzi za matanga, na Waingereza wenyewe wameshaliweka makumbusho ilhali sisi tunalo hai. Motokaa ni Kiingereza. Kota ni Kiingereza. Kiplefti ni Kiingereza ambacho Mwingereza akikisikia hataelewa. Hayo tumeyameza, yamekuwa damu yetu, bibi yangu anayatumia. Maneno ninayoyapinga ni yale yanayomkamata bibi bila yeye kujua yanasema nini.

Wa pili atasema hata sheria, hakimu, wakili, shahidi na hukumu si Kibantu, ni Kiarabu. Kweli kabisa. Ila mwite bibi yangu mbele ya hakimu umwambie lete shahidi, ataleta. Mwambie yeye ni vagabond uone kama ataleta kitu.

Wa tatu ndiye mzito, namheshimu. Atasema, sasa si tumeshabadilisha? Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria kufanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na kabla ya hapo Jaji Galeba alikuwa ameshaandika hukumu kwa Kiswahili kule Musoma mpaka Rais Magufuli akamsifu hadharani na kumpandisha Mahakama ya Rufani. Ni kweli, na nilishangilia. Lakini hapa ndipo ninapoogopa. Kutafsiri dharau si kuiondoa. Ukichukua "rogues and vagabonds" ukaandika "wahuni na wazururaji", umefanya nini? Umempa polisi Kiswahili cha kumkamatia mdogo wangu. Tena tuna rekodi mbaya. Mwaka 1983, tukiwa huru miaka zaidi ya 20, tulitunga kwa mikono yetu sheria ya Nguvu Kazi, watu wakazolewa mijini kwa jina la wazembe wakarudishwa vijijini. Mwingereza alikuwa hayupo. Lugha ilikuwa yetu. Dharau ilikuwa ile ile.

Kwa hiyo nataka vifungu vifutwe, visitafsiriwe. Na siombi jambo la mwezini. Huko Malawi, nchi ile ile yenye wilaya ya Machinga, mchuuzi aitwaye Mayeso Gwanda alikamatwa alfajiri akienda kuuza mifuko ya plastiki. Wakamshitaki kwa kifungu hicho hicho cha rogue and vagabond, kaka yake na cha kwetu. Akaenda Mahakama Kuu, na Januari 2017 kikatupwa kwa kukiuka katiba. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatoa ushauri wake baada ya kuombwa na umoja wa mawakili wa Afrika: sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, nchi zizirekebishe au zizifute. Mahakama hiyo makao yake yako wapi? Arusha. Hapa hapa, unapanda basi asubuhi jioni umefika. Hata Uingereza, mwenye mali, Bunge lake lilipitisha mwaka 2022 kwamba ile sheria ya 1824 ifutwe. Mwenye koti anataka kulichoma, sisi tumelikumbatia eti urithi.

Na sisi waandishi tuna letu. Ukiletewa asili ya neno na ikakuchekesha sana, shuku. Asili za maneno zinazonoga kupita kiasi mara nyingi zimepikwa. Uliza swali moja jepesi: je, neno lilikuwepo kabla? Machinga lilikuwepo. Ningeuliza siku ile nisingeandika upuuzi, na pengine yule kaka wa kwenye basi asingekuwa na cha kumfundisha mwenzake. Nani anajua, labda alisoma gazeti langu.

Siku ya kuondoka bibi alinisindikiza mpaka stendi ya Nachingwea, kwa miguu, nusu saa nzima, fimbo mkononi, anasalimiana na kila mtu. Hana kitambulisho kwenye mfuko, hana hati ya ajira, na ukimuuliza anajikimu kwa njia gani atakuonyesha mikorosho 12 ambayo haionekani kutoka barabarani. Nikamwambia, bibi, kwa sheria niliyoisoma, ukikutana na askari mwenye roho mbaya hapa tungekuwa wawili ndani. Akacheka. Akasema, "Basi wakawakamate na waliotunga, maana nao walitembea kuja huku."

Sina cha kuongeza. Naomba kutoa hoja.